Kutoka Sigowet hadi chuo kikuu cha utafiti ng'ambo: ya kujua kabla ya kuuza shamba

Sigowet iko kaunti ya Kericho, katika eneo bunge la Sigowet/Soin. Upande wa juu kuna baridi na mashamba ya chai. Upande wa chini, Soin, kuna joto, na watu hulima miwa na mahindi. Chai ya Kericho ikishasindikwa huteremshwa hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamishiwa huku kutoka Nairobi mwaka 1969. Kwa hivyo bei inayopatikana mjini kwetu ndiyo huamua bonasi ya mkulima kule, na bonasi hiyo mara nyingi ndiyo karo ya mtoto. Mkulima wa Sigowet na mvuvi wa Kipini wana swali moja: mtoto akiitwa na chuo kikuu cha ng'ambo, ni nini cha kuangalia kabla ya kutoa pesa?

Chuo cha utafiti ni kipi?

Vyuo vikuu si vya aina moja. Kuna vyuo vidogo ambavyo kazi yake kubwa ni kufundisha shahada ya kwanza. Kuna na vyuo vikubwa, vingi vikiwa ndani ya miji mikubwa, ambavyo maprofesa wake hupimwa kwa utafiti wanaoutoa. Katika vyuo hivi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huenda akakaa ukumbi mmoja na wenzake mia tatu, na vikundi vidogo vikaongozwa na wanafunzi wa uzamili au uzamifu. Profesa hatamfuata mtu. Mwanafunzi ndiye humwendea ofisini kwa saa zilizotangazwa. Faida yake ni maabara, maktaba na watu waliobobea. Hasara ni kwamba kijana asiyezoea kuuliza hupotea bila mtu kujua.

Mfano wa Wangari Maathai

Mwaka 1960 Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwenda Marekani katika mpango uliohusishwa na Tom Mboya na familia ya Kennedy. Hakuanza na chuo kikubwa. Alisoma Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake mjini Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Ndipo akaingia University of Pittsburgh, chuo cha utafiti katika mji wa viwanda, akapata uzamili wa biolojia mwaka 1966. Huko alishuhudia wakazi wakipigania hewa safi. Uzamifu aliupata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Funzo ni mpangilio wake: msingi kwanza mahali anapojulikana kwa jina, kisha utafiti mahali penye vifaa.

Njia zilizopo sasa

Kwa vijana wa Bonde la Ufa kuna KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, mwanariadha aliyepata shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972. Huchagua wachache waliong'ara katika KCSE na kuwasaidia kuomba nafasi katika vyuo vya Marekani, vikiwemo Harvard na Yale.

Kwa wengi zaidi, njia nyepesi ni kumaliza shahada ya kwanza nyumbani. Wa Sigowet ana Chuo Kikuu cha Kabianga karibu. Wa Pwani ana Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na TUM pale Mombasa. Baada ya hapo huombwa uzamili au uzamifu ng'ambo. Huku ndiko fedha ziliko: uzamifu wa sayansi Marekani mara nyingi hulipiwa na chuo chenyewe, na mwanafunzi hupewa posho kwa kusaidia kufundisha au kufanya utafiti. Ujerumani kuna DAAD. Uingereza kuna Chevening na ufadhili wa Jumuiya ya Madola.

"Bure" si bure

Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tena mwombaji wa viza huonyesha pesa za kujikimu; tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, zikiwa katika akaunti maalumu ambayo huchota kidogo kidogo kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Marekani, mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi hiyo iwe ndani ya chuo. Anayekwambia mtoto atajilipia karo kwa kibarua, usimwamini.

Yaliyowapata Uasin Gishu

Jirani wa Kericho wameonja uchungu. Wazazi wa Uasin Gishu walilipa karo kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Kanada. Mwaka 2023 waliandamana Eldoret wakisema pesa hazikufika vyuoni. Kesi ilifikishwa mahakamani, na washtakiwa wakakana mashtaka. Kuna waliokuwa wameuza ardhi.

Kwa hivyo kagua haya:

1. Barua ya kukubaliwa ithibitishwe na chuo chenyewe, kwa anwani iliyo katika tovuti yake rasmi.
2. Karo ilipwe moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, isipitie kwa wakala, mwanasiasa wala ndugu.
3. Uliza wakala analipwa na nani. Wengi hupewa kamisheni na vyuo, hivyo watakusifia wanakolipwa.
4. Uliza CUE kama shahada hiyo itatambuliwa Kenya.
5. Hesabu miaka yote ya masomo, si mwaka wa kwanza pekee.
6. Anza mapema. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Shamba likishauzwa, mtoto akirudi bila shahada atakuta ngama nayo haipo.