Mawimbi yasiyoonekana: toka karatasi ya hesabu mpaka kitanda cha mgonjwa

Mara kwa mara waseminari wanauliza kwa nini universite zinawalipa watu wanaomaliza maisha yao katika hesabu zisizotibu mtu, zisizojenga nyumba wala kuotesha mihogo. Swali hilo si la wavivu. Mwaka wa 1959 Lovanium, universite ya Leopoldville, chini ya uongozi wa Mgr Luc Gillon, aliyekuwa padri na tena mtaalamu wa fizika, iliwasha masini ya atomi, ya kwanza katika Afrika yote. Na siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Kongo haikuwa bado na mwananchi hata mmoja mwenye diploma ya udaktari ya universite. Mtu akiyaweka mambo hayo mawili kando kando, hawezi kukosa kuuliza: je, tulianza kwa paa mbele ya msingi? Hatutaki kujibu kwa maneno ya sifa. Tutafuata historia ya jambo moja tu, yaani mawimbi ya elektriki na sumaku, tuone lilipita njia gani.

Tuanze na James Clerk Maxwell, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka wa 1831. Mbele yake Faraday alikuwa amefanya majaribio mengi kwa nyuzi za shaba na sumaku. Maxwell akayageuza majaribio hayo kuwa hesabu. Katika andiko lake la mwaka wa 1865 alionyesha ya kwamba nguvu ya elektriki na nguvu ya sumaku, zikitikisika pamoja, zinasafiri kama wimbi. Alipotafuta mwendo wa wimbi hilo kwa vipimo vya elektriki tu, akapata karibu kilometa 300.000 kwa segonde moja. Lakini huo ni mwendo wa mwangaza! Basi mwangaza wenyewe ni wimbi la namna hiyo. Na kama ni hivyo, yaweza kuwako mawimbi mengine ambayo jicho halikuumbwa kuyaona. Maxwell alikufa mwaka wa 1879, mwenye miaka 48. Hakuna mtu aliyekuwa ameyashika bado.

Aliyeyashika ni Mdachi Heinrich Hertz, katika mji wa Karlsruhe, kati ya mwaka wa 1886 na 1888. Aliwasha cheche upande mmoja wa chumba, na upande mwingine, katika pete ya waya isiyounganishwa na kitu, akaona cheche ndogo ikijibu. Hertz hakutafuta kutengeneza radio wala telegrafu. Alitaka kujua tu kama Maxwell alisema kweli. Naye alikufa kijana, mwaka wa 1894, mwenye miaka 36.

Sasa tufike Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895, jioni. Profesa Wilhelm Röntgen, mwenye miaka 50, alikuwa akipitisha elektriki katika chupa iliyotolewa hewa. Alikuwa ameifunika kwa karatasi ngumu nyeusi, hata mwangaza wowote usitoke. Lakini mbali kidogo, ubao uliopakwa chumvi ya bariamu ukaanza kung'aa gizani. Kitu fulani kilipenya karatasi. Akaweka kitabu katikati; kikapenya. Akaweka mkono wake, akaona kivuli cha mifupa yake mwenyewe. Majuma kadhaa alikaa karibu kufungiwa na kazi hiyo. Na tarehe 22 Desemba akapiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete. Kwa kuwa hakujua ni kitu gani, akakiita X, kama tunavyofanya katika hesabu kwa jambo lisilojulikana. Ni mwaka wa 1912 tu, kwa kazi ya Max von Laue na wenzake kule Munich, ndipo ilipohakikishwa ya kwamba miali hiyo nayo ni mawimbi, ndugu wa mwangaza, lakini mafupi sana.

Waganga hawakungoja mwaka wa 1912. Tangu miezi ya kwanza ya 1896 walikuwa wakitafuta risasi na mifupa iliyovunjika kwa picha hizo. Tufikiri kidogo hali ya mbele. Mganga aliyeunga mguu alikuwa na vidole vyake tu, kama wazee wetu wanaounga mifupa vijijini: anapapasa, mgonjwa analia, anakisia. Mfupa ukiunganika vibaya, mtu anachechemea mpaka kaburini. Wakati wa vita vya 1914-1918 Marie Curie alitayarisha motokari zenye masini ya picha, akazipeleka karibu na mahali pa mapigano pamoja na binti yake Irène, aliyekuwa bado msichana, ili waganga waone vipande vya chuma mbele ya kupasua. Röntgen hakuchukua haki ya kuuza uvumbuzi wake, na feza za tuzo ya Nobel ya 1901 aliwachia universite yake.

Lazima tuseme vile vile ya kwamba elimu hiyo ilikula watu. Clarence Dally, msaidizi wa Edison huko Marekani, aliichezea miali hiyo kila siku bila kujua. Mikono yake ikaoza, ikakatwa, naye akafa mwaka wa 1904. Wengi walimfuata.

Mifupa ilikuwa imefunguka, lakini ubongo ulibaki umefichwa ndani ya fuvu. Sababu ni nyepesi kueleza. Picha ya Röntgen ni kama kitabu kilichoshikwa mbele ya taa: kurasa zote zinaonekana kwa mara moja, moja juu ya nyingine, na hakuna ukurasa unaosomeka. Mwaka wa 1956 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilihitaji mtu wa fizika, naye Allan Cormack, mwalimu wa universite, mzaliwa wa Johannesburg, akakubali kuisaidia sehemu ya juma. Huko akajiuliza: tukipima miali inavyopungua kwa pande nyingi za mwili, je, hesabu haziwezi kutuambia kilichomo ndani, ukurasa kwa ukurasa? Akapata jibu, akalitoa mwaka wa 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Yeye mwenyewe alieleza baadaye ya kwamba barua ya ajabu kuliko zote zilizoomba andiko lake ilitoka Uswisi, kwa watu wanaochunguza maporomoko ya teluji milimani. Tena, kwa miaka mingi hakujua ya kwamba hesabu ile ilikuwa imekwisha kutatuliwa na Johann Radon wa Austria, mwaka wa 1917, bila wazo lolote la wagonjwa. Karatasi ya Radon ilingoja miaka zaidi ya 50.

Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliyefanya kazi katika kampuni ya EMI, hakumjua Cormack wala Radon. Alijenga masini yake kwa njia yake, na tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mama mmoja aliyefikiriwa kuwa na uvimbe katika ubongo akalazwa ndani yake. Uvimbe ukaonekana mahali pake, bila kufungua kichwa. Cormack na Hounsfield wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Na hapo tuwatulize waseminari wetu, hakuna kati yao aliyekuwa na doktora. Nyuma yao ikaja masini ya sumaku na mawimbi ya radio, iliyotokana na fizika ya Bloch na Purcell ya 1946 na picha za Lauterbur za 1973, inayoonyesha uti wa mgongo na gegedu za goti. Wimbi la Hertz likaingia hospitalini kwa mlango wa pili.

Wimbi hilo hilo limo mfukoni mwetu. Radio ilikuwa na taabu moja: nafasi ya mawimbi ni kidogo na wasemaji ni wengi. Mwaka wa 1947 wataalamu wa Bell, huko Marekani, waliandika wazo la kugawa inchi katika vyumba vidogo, kila kimoja na mnara wake, ili wimbi moja litumike tena na tena mahali palipo mbali. Ni kama jimbo lililogawanywa katika paroisi: msafiri akivuka mpaka, paroisi ya pili inampokea, na mazungumzo yake hayakatiki. Wazo lilingoja masini zinazofaa; Martin Cooper alipiga simu ya mkononi katika barabara ya New York tarehe 3 Aprili 1973, na kwetu kampuni ya Telecel ilianzishwa Zaire mwaka wa 1986. Katika simu hizo imo tantali, ambayo sehemu yake inatoka katika koltani ya Kivu, na watu wa Kivu hawahitaji kufundishwa na sisi bei yake. Wala masini ya picha za ubongo haijafika katika hospitali nyingi za vijiji vyetu. Kwa hiyo hatusemi ya kwamba kila hesabu itazaa matunda, wala ya kwamba matunda yanagawanywa kwa haki. Tunasema tu ya kwamba mwaka wa 1865, au 1917, hakuna mwenye hazina ya feza aliyeweza kuchagua karatasi itakayomponya mgonjwa.

Na njia haiendi upande mmoja tu. Mwaka wa 1964, Penzias na Wilson, watu wa kampuni ile ile ya Bell, walisumbuliwa na uvumi katika antena yao kubwa kule Holmdel, iliyojengwa kwa kazi za simu za satelaiti. Waliisafisha, wakafukuza njiwa waliotaga ndani, uvumi haukuisha. Mwaka wa 1965 ikafahamika ya kwamba ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Padri Georges Lemaître, profesa wa Louvain, alikuwa ameandika tangu 1927 ya kwamba ulimwengu unapanuka, na tangu 1931 ya kwamba ulianza kama atomi moja, wengi walimcheka. Katika Juni 1966 alikuwa mgonjwa hospitalini Louvain, mwenye miaka 71. Msaidizi wake Odon Godart akamletea habari ya antena ya Holmdel. Lemaître alikufa tarehe 20 ya mwezi huo.