Saitokini Haziifundishi Melanoma Kutembea

Mwaka 2001, Anja Müller na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliobadili namna tunavyoielewa safari ya saratani mwilini. Waliona kwamba seli za saratani ya matiti hubeba vipokezi CXCR4 na CCR7, ambavyo chembe nyeupe za damu huvitumia kujielekeza. Seli za melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) nazo wakazikuta navyo, tena zikiwa na CCR10, kinachonasa kemokini (protini ya kinga inayoelekeza seli) ya ngozi. Mapafu, ini, uboho na tezi za limfu, ambako saratani hizi hupenda kuhamia, hutoa kwa wingi kemokini za vipokezi hivyo. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba saitokini, yaani protini za kinga kama kemokini, ndizo zinazoipa melanoma uwezo wa kutembea. Sikubaliani na hitimisho hilo.

Melanosaiti, seli itengenezayo rangi ya ngozi na ambayo ikiharibika huzaa melanoma, asili yake si ngozini. Katika kiinitete huchipuka kandokando ya mahali utakapokaa uti wa mgongo, kisha husafiri ikipenya tishu changa hadi ifike kwenye ngozi na mashina ya nywele. Mwendo ni urithi wake. Saitokini huuamsha urithi huo na kuuelekeza.

Tazama kemokini inavyofanya kazi. Kipokezi chake kimeupenya utando wa seli mara 7. Kemokini ikinaswa nje, protini G zilizo ndani hupokea taarifa, na nyuzi za aktini huanza kujengwa upande ule wenye kemokini nyingi zaidi. Ukingo wa seli husogea mbele. Miosini hukaza nyuma na kuukokota mwili uliobaki. Kemokini imetoa mwelekeo tu, maana aktini na miosini zilikuwepo tangu awali. Saitokini za jamii ya IL-6 huenda mbali zaidi. Kupitia vimeng'enya JAK1 na ROCK, huongeza nguvu ya mkazo huo mpaka seli ya melanoma inajiviringa na kujipenyeza kwenye mianya ya tishu kama amiba.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka Bonn, Ujerumani. Mwaka 2012, mtafiti Landsberg na wenzake walionyesha kwamba TNF, saitokini iliyo silaha kongwe ya kinga, huifanya melanoma ipoteze alama za melanosaiti ambazo seli T za kinga huzitambua; hali hiyo hurudi nyuma uvimbe wa kinga ukitulia. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo liliwaangazia panya mionzi ya urujuanimno. Seli za ngozi zilizoungua zilitoa protini HMGB1, neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zikaitika, na TNF ikazichochea seli za melanoma kuambaa juu ya mishipa ya damu. Saratani ikaongezeka mapafuni. Seli inayovua sura ya ukubwani na kushika njia inafanana mno na ile ya kiinitete.

Urithi huu wa mwendo una uzito katika tiba. Kuizuia kemokini mojamoja kuna gharama: seli za dendriti za kinga nazo huhitaji CCR7 ili zifike kwenye tezi za limfu kuziamsha seli T. Hata JAK1 inahitajika na seli T zenyewe. Naona busara zaidi kuulenga mkazo wa aktini na miosini, na baada ya kila tiba ya kinga kuzichunguza seli zilizosalia: zina umbo gani, zimebeba vipokezi gani. Uvimbe wa saratani kusinyaa pekee hakutoshi kuwa kipimo.

Kwa watu weusi, sehemu kubwa ya melanoma huota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halielezi chanzo chake. Mkondo wa mionzi na HMGB1 hauwezi kuhamishiwa huko mzimamzima. Melanoma ya unyayo inastahili kuchunguzwa upya, kuanzia kwenye majeraha na mgandamizo wa kila siku, ambavyo navyo huziita neutrofili.