Pilipili kali adimu katika mitaa ya Buruburu

Pilipili kali adimu ni aina za pilipili za jenasi Capsicum ambazo hazipatikani kwa kawaida sokoni, na ambazo huendelea kuwepo kwa kuwa kuna mtu anayezipanda, anayezitenga na nyingine na kuweka mbegu zake msimu hata msimu. Katika mtaa wa makazi kama Buruburu, mashariki mwa Nairobi, hukuzwa kwenye ndoo, madebe na vipande vya ua. Wengi huvutwa kwanza na ukali, lakini mkusanyiko wa pilipili hupimwa kwa uhakika wa mbegu: mche utakaoota mwakani uzae tunda lile lile lililotoa mbegu mwaka huu.

Asili na kuenea

Pilipili zote chimbuko lake ni bara la Amerika. Ni jamii moja na nyanya, viazi, biringanya na managu. Spishi zinazolimwa ni tano. Capsicum annuum ina pilipili hoho, kayeni na jalapeño. Capsicum frutescens ina pilipili kichaa. Capsicum chinense ina pilipili mbuzi, habanero na karibu zote zilizowahi kushika rekodi ya ukali duniani. Capsicum baccatum ni ya Peru, Bolivia na nchi jirani, na Capsicum pubescens ni ya nyanda za juu za Andes.

Afrika haikuwa na hata moja kati ya hizo kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndio wanaohesabiwa kuwa walizieneza kandokando ya Bahari ya Hindi. Kutoka hapo ndege walifanya kazi iliyobaki. Ndege hawahisi ukali wa pilipili, na mbegu hupita tumboni mwao bila kusagwa, tofauti na mnyama mwenye magego. Ndiyo maana pilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti na kando ya nyua, mahali ambapo hakuna aliyepanda. Baadaye pilipili ndogo za Mombasa na Unguja zilijulikana katika biashara ya viungo hadi London kwa majina ya bandari hizo.

Miaka mia chache ilitosha kuzipa pilipili hizi makao mapya yenye tabia zake. Pilipili mbuzi ya pwani ya Tanzania ina tunda lililokunjamana na harufu nzito ya matunda. Hutiwa nzima kwenye supu au maharagwe na kuondolewa kabla haijapasuka, ili chakula kipate harufu bila moto wote. Ethiopia ina pilipili ya Mareko Fana, nyekundu iliyokolea, inayotiwa katika berbere. Nchini Rwanda, mafuta ya pilipili ya Akabanga ya mjasiriamali Sina Gérard yamevuka mipaka na kuuzwa mbali. Anayeishi Buruburu hahitaji kwenda mbali kukutana na baadhi ya hizi: maduka ya viungo ya Eastleigh huuza bidhaa za Ethiopia na Somalia, na Parklands kuna wauzaji wa mboga za Kihindi. Pilipili nzima iliyokaushwa kivulini huweza kuwa na mbegu hai. Iliyokaangwa au kukaushwa kwa moto mkali haina.

Ukali na vipimo

Kinachowasha ni kapsaisini, kemikali inayotengenezwa katika utando mweupe unaoshika mbegu ndani ya tunda. Mbegu zenyewe hazitengenezi ukali. Huupata kwa kugusana na utando huo. Mwaka 1912 Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo cha kuzimua dondoo ya pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasihisi moto tena. Siku hizi mashine za maabara hupima kapsaisini moja kwa moja, ila namba bado hutajwa kwa jina lake. Jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000. Habanero huanza 100,000 na kufikia 350,000. Bhut Jolokia ya kaskazini mashariki mwa India ilivuka milioni moja na kuingia katika rekodi za Guinness mwaka 2007. Carolina Reaper ya Ed Currie, mkulima wa South Carolina, ilishika rekodi hiyo mwaka 2013, na mwaka 2023 Pepper X, ya Currie pia, ikapewa 2,693,000. Namna mwili unavyohisi moto huo ilifumbuliwa na David Julius, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Namba hizi ni za matunda yaliyopimwa, chini ya jua na maji yaliyoyakuza. Mmea wenye mbegu ile ile ukikuzwa kwenye baridi na kivuli hautazaa ukali ule. Tena Currie hakutoa mbegu za Pepper X kwa umma, kwa hiyo pakiti inayouzwa kwa jina hilo inastahili shaka.

Mazingira ya Buruburu

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji, serikali na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola la Uingereza. Nyumba zilipangwa kwa makundi yaitwayo koti, kila nyumba na kijiua chake mbele au nyuma. Tangu hapo sehemu kubwa ya nyua hizo imemezwa na vyumba vya ziada, maduka na ghorofa za kupangisha, hasa kando ya barabara ya Mumias South na ya Rabai. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na jua huja kwa saa chache kati ya ukuta na ukuta. Kwa pilipili hilo si kikwazo kikubwa, maana mmea mmoja hutosheka na chombo cha lita 10 hadi 20, na chombo kinaweza kuhamishwa kulifuata jua au kupandishwa kwenye paa la zege.

Udongo ndio tatizo. Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wanaouita black cotton, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Mizizi ya pilipili huozea humo mvua zikishika. Wakuzaji wenye busara huuacha ulivyo na kununua udongo mwekundu wa magunia, kisha kuuchanganya na samadi iliyooza vizuri na mchanga, au na kokopiti. Mgao wa maji wa Nairobi haudhuru sana: mmea wa pilipili huvumilia kiu ya siku moja kuliko miguu yenye maji kila siku.

Baridi ni jambo la kupanga mapema. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12. Ua la pilipili huanguka bila kushika tunda usiku unapokuwa baridi hivyo. Kwa hiyo spishi ya chinense, inayotaka miezi minne hadi mitano kabla ya tunda la kwanza kuiva, husiwa Agosti au mapema Septemba. Miche huhamishiwa vyomboni mvua za vuli zinapokaribia, na matunda huja wakati wa joto la Januari hadi Machi. Aliyesia Machi hukuta maua yamefunguka katikati ya baridi.

Upande wa pili wa hali hii ya hewa ni neema. Mkuzaji wa London hupoteza mimea yake kwa barafu, au huiweka ndani chini ya taa. Nairobi, karibu kabisa na Ikweta, ina mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima na haina majira ya kuganda. Mmea uliopogolewa Julai huchipua upya na unaweza kuzaa miaka kadhaa, jambo linalompa mwenye aina adimu muda wa kukusanya mbegu za kutosha.

Kuotesha

Mbegu ya chinense haina haraka. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 huchipuka baada ya wiki mbili hadi nne. Kwenye baridi huweza kukaa zaidi ya mwezi, au kuoza. Chumba cha kawaida mwezi Agosti hakifikii joto hilo, hivyo mbegu hulazwa kati ya tishu zenye unyevu ndani ya kibakuli chenye kifuniko, na kibakuli huwekwa juu ya friji au juu ya dekoda ya televisheni, penye joto dogo lisilokatika isipokuwa stima ikipotea.

Mzizi mweupe hutangulia. Hapo mbegu huhamishwa kwa kibano hadi kwenye kikopo cha yogati kilichotobolewa chini, kina cha nusu sentimita. Shina hutoka likiwa limejipinda, likivuta majani mawili ya kwanza, na mara nyingi ganda la mbegu hubaki limeyabana majani hayo kwenye ncha. Anayelivuta kwa kucha hung'oa majani yenyewe, na mche unakufa. Tone moja la maji juu ya ganda, likiachwa kwa saa chache, hulilegeza likateleza lenyewe.

Adui wa wiki hizo ni kinyausi, ukungu unaokata shina usawa wa udongo. Huja kwa maji mengi na hewa iliyosimama. Mche mkubwa husumbuliwa na vidukari, thripi, inzi weupe na utitiri, pamoja na batobato, ugonjwa wa virusi usio na dawa. Mmea wenye batobato hung'olewa, hata kama ndio pekee wa aina yake. Ni uamuzi mchungu, lakini kuuacha ni kuhatarisha yote yaliyo jirani. Shore na kuzumburu, ndege wa kila siku katika bustani za Nairobi, hawazuiliwi na ukali. Tunda la mbegu hufunikwa neti.

Usafi wa mbegu

Hapa ndipo mikusanyiko mingi huharibikia. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, ila nyuki huleta chavua kutoka kwingine, na annuum, frutescens na chinense huweza kuchanganyika. Katika koti lenye nyumba zilizoshikana, hoho ya jirani iko hatua chache tu. Tunda la msimu huu halioneshi chochote: umbo, rangi na ukali wake ni wa mama. Mchanganyiko umefichwa ndani ya mbegu, na hujitokeza mwaka unaofuata katika tunda lisilofanana na lolote.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama. Tawi lenye vichwa vya maua ambavyo havijafunguka huvishwa mfuko wa neti nyepesi, kama ile ya kufungia zawadi za harusi, na kukazwa kwa uzi. Kila asubuhi tawi hutikiswa kidogo ili chavua iangukie palepale. Vitunda vikishaonekana, kila kikonyo hufungwa uzi wa sufu wa rangi, na neti huondolewa. Matunda yenye uzi tu ndiyo hutoa mbegu, na huvunwa yakiwa yameiva kabisa. Ni vyema mbegu zitoke kwenye mimea kadhaa, hasa kwa aina za kienyeji ambazo kila mmea una tofauti kidogo na mwenzake.

Mbegu hukaushwa kwenye sahani, kivulini, penye hewa. Iliyokauka huvunjika ikikunjwa, ikipinda bado. Huwekwa katika bahasha ya karatasi ndani ya chupa ya kioo, pamoja na mchele uliokaushwa kwenye kikaango ukapoa, ambao hunyonya unyevu, na chupa hukaa ndani ya friji. Mbegu chotara (F1) za agroveti hazifai kuwekwa kwa nia ya kuhifadhi aina, kwa kuwa kizazi chake hutawanyika. Anayetoa mbegu katika pilipili zenye ukali wa milioni moja huvaa glavu, na akiungua hunywa maziwa au mala. Maji hueneza moto tu.

Sheria

Kaunti ya Nairobi ina sheria ya mwaka 2015 inayotambua kilimo cha mjini. Kuingiza mbegu kutoka nje kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, hata kama ni mbegu kumi ndani ya barua. Masharti hayo yana sababu: virusi vya ToBRFV, vilivyogunduliwa Mashariki ya Kati katikati ya miaka ya 2010, hushambulia nyanya na pilipili na husafiri pamoja na mbegu. Kuhusu kubadilishana mbegu nchini, marekebisho ya 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yalifanya iwe kosa kwa wakulima kugawana mbegu zisizosajiliwa. Wakulima wadogo walienda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatangaza kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Aina zinazostahili nafasi

Chombo kimoja kati ya vichache vya ua wa Buruburu kingefaa kupewa pubescens, iitwayo rocoto huko Peru. Ina majani yenye vinyweleo, maua ya zambarau na mbegu nyeusi, na kwa kuwa imezoea ubaridi wa Andes, Julai ya Nairobi haiitishi kama inavyoitisha Reaper. Tena haichanganyiki na annuum, frutescens wala chinense, hivyo haihitaji neti dhidi yao.

Kingine ni haki ya pilipili za nyumbani. Reaper ina maelfu ya watunzaji duniani. Pilipili inayokuzwa nyuma ya jiko moja huko Kwale au Vihiga huenda ina mmoja, naye ni mzee. Huja Nairobi ndani ya mfuko wa ndugu aliyetoka mashambani, bila jina, na huishia kwenye kachumbari. Kabla ya kuliwa, yafaa yaandikwe mahali ilipotoka, mwaka, nani huipanda na huliwa na nini, kisha mbegu zigawanywe sehemu mbili. Nusu huoteshwa. Nusu nyingine inaweza kupelekwa kwa watu wa mbegu za kienyeji, kama Seed Savers Network ya Gilgil, au katika benki ya taifa ya jeni iliyo chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Muguga, Kaunti ya Kiambu, iliyoanza kazi mwaka 1988.