Picha za Kale na Wageni Wake

Wako walimu wanaodhani kuwa kupeleka wanafunzi kwenye jumba la makumbusho ni kuwapumzisha tu na masomo. Kwetu Chapwa dhana hiyo ina gharama, maana kutoka hapa hadi Songea ni safari ya siku nzima: unapita Mbeya, unafika Makambako, kisha unakata kusini kupitia Njombe. Wazazi wametoa nauli. Watoto wakirudi bila kitu kichwani, tutakuwa tumewadhulumu. Ndiyo maana, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwasisitizia walimu wanafunzi kwamba ziara huanza darasani, majuma mawili kabla ya basi kuondoka.

Hayo hudai zaidi makumbusho yenye picha za kale, kwa kuwa nyingi kati ya picha za kwanza za watu wa kusini hazikupigwa nasi wala kwa ajili yetu. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma akiwa na kamera. Mwaka 1902 alichapisha utafiti juu ya maumbile ya watu wa kaskazini mwa Nyasa, na mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi hizo na watu wake. Katika uchunguzi wa aina hiyo mtu alipigwa picha ya uso na ya ubavu ili maumbo yapimwe na kulinganishwa. Jina lake na ukoo wake aghalabu havikumhusu mpimaji.

Kisha ikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni 67 mjini Songea. Makumbusho ya Maji Maji yamejengwa mahali hapo, karibu na kaburi la pamoja, na ndani yake zimo picha za wafungwa waliokuwa wakingoja kunyongwa. Aliyezipiga alikuwa upande wa washindi. Leo wajukuu wa walioshindwa huzitazama kwa heshima. Mtoto asiyeambiwa hayo mapema ataona watu waliofungwa tu, na huenda akacheka.

Kwa hiyo mwalimu aandike barua mapema, aeleze idadi na umri wa wanafunzi, na amwombe mhifadhi nafasi ya kuzungumza nao. Ikiwezekana, atangulie mwenyewe kuziona picha. Wanafunzi wagawanywe katika makundi madogo, na kila kundi lisimame mbele ya picha moja kwa muda mrefu badala ya kupita mbio mbele ya hamsini. Wapewe maswali matatu: Nani aliipiga? Aliipiga kwa ajili ya nani? Ni nani asiyeonekana?

Watu wazima wana utaratibu wao. Tangu Mwalimu Nyerere autangaze mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, tumejifunza kuwa mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Atafutiwe kiti. Asomewe maelezo kwa sauti, bila kuulizwa kama anajua kusoma. Zaidi ya yote, aachwe aseme kwanza. Nakumbuka kikundi kimoja tulichokipeleka Songea. Mwalimu kijana alikuwa akitaja tarehe mfululizo, mara bibi mmoja akamkatiza kwa upole: “Mwanangu, na wanawake wa watu hawa wako wapi?” Mhifadhi akatueleza habari za Nkomanile, mwanamke kiongozi aliyenyongwa pamoja na wanaume hao. Swali la bibi lilitufundisha kuliko tarehe zote.

Wala si ajabu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Maji Maji kutoka kwa wazee, kwa kuwa kumbukumbu za Wajerumani zilisema ya upande mmoja. Ndiyo maana napenda vijana na wazee wasafiri pamoja kila inapowezekana.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho hayo na kuomba msamaha. Kijana aliyekwisha kusimama mbele ya picha zile alijua msamaha huo uliombwa kwa ajili ya nani.

Baada ya safari ibaki kazi moja. Kila mwanafunzi atafute nyumbani picha moja ya zamani, aketi na babu au bibi, aandike nyuma yake kwa penseli majina ya waliomo, mahali na mwaka. Picha za Fülleborn hatuwezi kuzirudia. Hizi za kwetu, zilizomo masandukuni, wenye kuwajua waliomo bado wapo. Wakishaondoka, watu wetu nao watabaki nyuso tu.