Kijiji chenu kiko wapi, na mko wangapi?

Wadau, ukirudi na stori ya kijijini hapa Dodoma, mhariri anakuuliza maswali mawili: hicho kijiji kiko wapi, na kina watu wangapi? Ni maswali mepesi, lakini huku Ugogo yana historia nzito.

Mgogo wa zamani hakuishi kijijini kwa maana tunayoijua leo. Tembe moja hapa, nyingine ng'ambo ya korongo, katikati mashamba ya uwele na mtama, na malisho ya ng'ombe. Wala haukuwa ushamba. Nchi yenye mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena ya kubahatisha, haibebi watu na mifugo mingi sehemu moja. Ikikosa kwako, huenda imenyesha kwa shemeji yako kule bondeni. Pamoja na hayo njaa zilipiga. Mbaya kuliko zote ni Mtunya, ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi yalipochukua chakula, mifugo na vijana.

Ukaja ukame wa 1969, na baada yake Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971. Hoja ya serikali ilikuwa wazi: watu waliotawanyika huwezi kuwapelekea maji, shule na zahanati. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino, barabara ya Morogoro, akafyatua matofali na wananchi. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Sheria ya 1975 ikaweka kipimo: kijiji kiandikishwe kikiwa na kaya zisizopungua 250. Hapo ndipo idadi ya watu ilipoanza kuamua kama mahali pana jina serikalini au hapana.

Shule na visima vilikuja, tusikatae. Lakini shamba likawa mbali, kuni zikaisha karibu na nyumba, na ardhi ya kuzunguka kijiji ikachoka. Kule walikotoka yakabaki mahame, mibuyu na makaburi.

Sasa sikilizeni hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi iliyogawiwa kati ya 1970 na 1977 imegawiwa kihalali, na haki za zamani juu yake zimekoma. Kwa hiyo babu yako akihamishwa, na hame lake akapewa mwingine katika miaka hiyo, kisheria limekwenda. Kumbukumbu ya familia haitoshi.

Kwa nini naandika leo? Kwa sababu Dodoma inajaa. Sensa ya 1967 ilihesabu watu laki saba na kidogo mkoa mzima; ya 2022 imekuta 3,085,625. Dodoma ikawa jiji 2018. Chamwino ikawa wilaya 2007, na Ikulu mpya ikafunguliwa hapo Mei 2023. Pembeni ya jiji, mashamba yanapimwa viwanja na vijiji vinageuka mitaa.

Maoni yangu ni haya: kabla mzee hajaondoka, muulize alizaliwa wapi hasa, sio kijiji kilichoandikwa kwenye kitambulisho. Muulize tembe ilikuwa kilima gani, na majirani walikuwa akina nani. Andika, hata kwenye daftari. Takwimu za serikali zinaanzia pale watu walipokusanywa. Yaliyotangulia yako vichwani mwa wazee wetu, na hao wanapungua kila mwaka.

Tafakari.