Mahakama za Unguja: Ukaribu wa Hakimu na Kinga ya Mshtakiwa

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa tumezoea kutaja ngoma, mavazi, mashairi na milango ya nakshi, tukaisahau mahakama. Ilhali ni vigumu kupata mahali ambapo jamii hudhihirisha wazi zaidi inamthamini nani na inampuuza nani, kuliko pale mtu anapoitwa kwa jina lake na kuambiwa ajibu. Katika makala haya tutaipima historia ya mahakama za Unguja kwa maswali mawili. Je, mnyonge aliweza kuifikia mahakama na kuyaelewa yaliyosemwa ndani yake? Na akishafika, alikuwa na kinga gani dhidi ya kosa la hakimu au ghadhabu ya mtawala? Tutaona kwamba mambo hayo mawili yalipatikana pamoja kwa nadra sana.

Kabla ya Waingereza, hukumu ilikuwa mikononi mwa makadhi, na juu yao alikuwepo Sultani. Yafaa tukumbuke kwamba masultani wenyewe walikuwa Maibadhi, na raia wao wengi Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwa hiyo palikuwa na makadhi wa pande zote mbili. Desturi hiyo iliendelea hata mwanzoni mwa karne ya 20, walipokuwa na kiti cha ukadhi wanazuoni wakubwa kama Sheikh Ahmad bin Sumait kwa upande wa Shafi na Sheikh Ali bin Muhammad al-Mundhiri kwa upande wa Ibadhi. Huo ulikuwa uungwana wa kisheria ambao nchi nyingi za wakati ule hazikuwa nao. Mdai alisema shauri lake kwa Kiswahili, mbele ya mtu aliyeijua mila ya mji. Lakini kadhi aliteuliwa na Sultani, na aliweza kuondolewa na Sultani. Shauri lililomgusa mtawala halikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1897 ikaundwa mahakama ya Kiingereza iliyosimama kando ya mahakama za Sultani. Tangu hapo, swali la kwanza mbele ya sheria likawa, "Wewe ni raia wa nani?" Mhindi mwenye duka, akiwa raia wa Kiingereza, alikuwa na mahakama yake, na sheria zilizotumika humo nyingi zilichukuliwa kutoka Bara Hindi. Jirani yake, mwenye shamba la karafuu aliyemkopa fedha, alikuwa raia wa Sultani na alikuwa na mahakama nyingine. Watu wawili walioamkiana kila asubuhi katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe walitenganishwa na sheria mara tu walipogombana.

Mwaka huohuo wa 1897, tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini dikrii, kama zilivyoitwa sheria za Unguja, ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba siku hiyo watumwa waliachwa huru. Ukweli ni mwembamba zaidi. Dikrii ilisema kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa; haikumvua mtumwa pingu nyumbani kwake. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuudai mbele ya mahakama, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Naye aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika dikrii hiyo. Haki yao ilisubiri hadi mwaka 1909. Hebu tumfikirie mtu aliyekuwa akilima shamba la bwana na kulala katika kibanda kilichojengwa juu ya ardhi ya bwana. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi, lakini nyuma ya mlango huo hapakuwa na nyumba wala konde. Si ajabu kwamba wengi waliona heri wapatane na mabwana zao nje ya mahakama.

Dikrii ya Mahakama ya mwaka 1908 iliwaweka mahakimu wa Kiingereza juu ya mahakama za Sultani, na mamlaka ya makadhi yakapunguzwa hatua kwa hatua, yakabaki zaidi katika ndoa, talaka, mirathi na madai madogo. Pale Vuga likasimama jengo la mahakama lenye kuba na matao, lililochorwa na J. H. Sinclair, mgeni angedhani ni kasri ya Kiarabu. Ndani yake ilitawala lugha ya Kiingereza, na mkulima wa Makunduchi alihitaji mkalimani ili ayajue yaliyoamuliwa juu yake mwenyewe. Hata hivyo tusiidhulumu historia: mahakama hiyo ilikuwa na wakili wa kumsemea mshtakiwa, na rufani iliweza kwenda mbele hadi nje ya visiwa. Kinga ilikuwepo, ila iliuzwa kwa bei isiyofikiwa na wengi.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalikusudia kuubomoa mpangilio huo. Mahakimu na mawakili wengi walikuwa wameondoka, na Serikali mpya haikuwa na sababu ya kuwalilia. Kwa sheria ya mwaka 1969 ziliundwa Mahakama za Wananchi, zilizoanza kazi mwaka 1970. Shauri lilisikilizwa na watu watatu walioteuliwa na Rais, wengi wao wasiosomea sheria. Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya mahakama, na mambo yalikwenda upesi. Penye wazee haliharibiki neno, husema wahenga, na katika ugomvi wa mpaka wa shamba au wa ng'ombe aliyekula mihogo ya jirani, wazee watatu wenye busara huenda wakampita jaji mwenye joho. Kwa upande huu tunaona kwamba Mahakama za Wananchi zilijibu malalamiko ya kweli.

Lakini mawakili walipigwa marufuku. Na rufani ya mwisho ilikuwa mikononi mwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, yaani watawala walewale. Katika kesi ya mihogo upungufu huo ulivumilika. Ulidhihirika siku Serikali yenyewe ilipokuwa mlalamikaji.

Siku hiyo ilifika baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Watu zaidi ya 80 walishtakiwa kwa uhaini, na kesi yao ilisikilizwa kuanzia mwaka 1973 mbele ya Jaji Mkuu Ali Haji Pandu, mashtaka yakiongozwa na Mwanasheria Mkuu Wolfgang Dourado. Msiba ulikuwa mzito na kosa lilikuwa kubwa; hakuna anayelikana hilo. Lakini washtakiwa walikabiliwa na adhabu ya kifo bila ya wakili hata mmoja. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa maungamo, na baadhi ya walioungama walidai kwamba waliteswa. Baadhi ya washtakiwa, akiwemo Abdulrahman Mohamed Babu, walikuwa kizuizini Tanzania Bara, na Mwalimu Nyerere alikataa kuwapeleka Unguja, walihukumiwa wasipokuwepo. Mwezi wa Mei 1974 Babu alihukumiwa kifo katika mahakama ambayo hakuiona. Aliachiwa huru kutoka kizuizini mwaka 1978.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 na sheria zilizofuata mwaka 1985 ziliondoa Mahakama za Wananchi, zikarudisha Mahakama Kuu, mahakimu na mawakili, na rufani ikafunguliwa hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Faida yake ilionekana katika kesi nyingine ya uhaini, ya wanachama 18 wa Chama cha Wananchi. Mwezi wa Novemba 2000 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa si dola kamili peke yake. Kinga ilifanya kazi, ila ilichelewa: baadhi yao walikuwa wamekaa rumande karibu miaka mitatu wakiingoja.

Mahakama ya Kadhi nayo ilipewa sheria yake mwaka 1985, kisha nyingine mwaka 2017. Hapo ndipo raia wa kawaida, hasa mwanamke, anapokutana na sheria: anakuja kudai masurufu yaliyokatika, au talaka ambayo mume hataki kuitamka. Kwa ukaribu, mahakama hii haina mfano. Lakini njia yake ni fupi. Mtu wa Mkokotoni aliyehukumiwa kwa wizi anaweza kuipeleka rufani yake hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mkewe, shauri lake la talaka huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar.