Mwimbaji Mbele ya Bendi: Santuri za Swingi nchini Marekani, 1925–1946

Miongoni mwa fani za muziki zilizochipuka Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, ni chache zilizopanda kwa haraka, zikatamalaki kwa fahari, kisha zikaporomoka kwa ghafula, kama bendi kubwa za swingi, ambazo kwa muda wa takriban miaka 10 tangu 1935 zilijaza kumbi za dansi, mahoteli na mawimbi ya redio kutoka New York hata California. Aghalabu tarikhi ya bendi hizo husimuliwa kwa majina ya viongozi wake, kwa kuwa majina hayo ndiyo yaliyoandikwa juu ya milango ya kumbi na juu ya vibandiko vya santuri. Makala haya yanafuata njia nyingine, nayo ni habari ya mwimbaji, aliyeingia katika bendi akiwa mtumishi wa kiitikio kimoja na akatoka akiwa bwana wa shughuli nzima. Na yatajaribu kubainisha kwamba mageuzi hayo, ingawa yalipambwa na vipaji adhimu, yaliamuliwa zaidi na mitambo, mikataba na migogoro ya kazi kuliko na ladha ya wasikilizaji peke yake.

Kabla ya mwaka 1925 sauti zilinaswa kwa nguvu za hewa tupu: waimbaji na wapigaji walikusanyika mbele ya pembe kubwa, wakapaza sauti kadiri ya uwezo wao, na mtetemo uliopita ndani ya pembe ukaisukuma sindano iliyochora mfereji juu ya nta. Katika hali hiyo mwenye kifua kipana ndiye aliyefaa, na mwenye sauti laini, hata angekuwa fasaha kiasi gani, hakuwa na nasibu. Mwaka huo kampuni za Victor na Columbia zilianza kutumia mtambo wa umeme uliobuniwa na wahandisi wa Western Electric, maikrofoni ikachukua mahali pa pembe, na kwa mara ya kwanza ikawezekana mtu kuimba kwa sauti ya mazungumzo ya faragha, huku wapigaji kadha wa kadha wakivuma nyuma yake bila ya kumzamisha. Bing Crosby, aliyejiunga na okestra ya Paul Whiteman mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitambua faida hiyo na kuitumia kwa ustadi. Na mwaka 1929 Whiteman akamwajiri Mildred Bailey, hivyo okestra kubwa ya dansi ikapata mwimbaji mwanamke wa kudumu, jambo lililokuwa geni kwa zama zile.

Lakini mtambo uliofungua mlango mmoja ulifunga mwingine. Santuri ya kawaida ilikuwa na upana wa inchi 10, ikizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja uliweza kubeba takriban dakika 3 za muziki na si zaidi sana. Ilifinyangwa kwa lakiri, utomvu utolewao na wadudu wa India, nayo ni namna ileile ya santuri iliyoipeleka sauti ya Siti binti Saad majumbani mwa Waswahili baada ya safari yake ya Bombay ya mwaka 1928. Ndani ya kipimo hicho chembamba bendi ya Kimarekani ilipaswa kuutangaza wimbo kwa ala, kumpisha mwimbaji aimbe kiitikio mara moja, kisha kuurudia wimbo na kuuhitimisha kwa kishindo. Basi fungu la mwimbaji likawa dakika 1, au pengine pungufu. Kibandiko cha katikati kiliipanga heshima ya watu kwa mizani hiyohiyo: jina la kiongozi wa bendi kwa herufi kubwa, aina ya dansi chini yake, na mwisho, kwa herufi ndogo, taarifa kwamba kiitikio kimeimbwa na fulani, na hasa katika santuri za mwanzo, jina la huyo fulani mara nyingine halikutajwa kabisa.

Ikiwa ilikuwa hivyo, kwa nini kiongozi wa bendi alilipa mshahara wa mtu aliyekaa kitini karibu muda wote wa dansi akingojea zamu yake? Jawabu ni kwamba nyimbo nyingi zilikuwa mali ya wachapishaji wa New York, ambao waliuza maneno na mahadhi kwa karatasi, na ambao walituma mawakala wao kwa kila bendi iliyosikika redioni ili nyimbo zao zipigwe. Na wimbo ulioimbwa ulikumbukwa upesi kuliko wimbo uliopulizwa. Benny Goodman mwenyewe, ambaye usiku wa tarehe 21 Agosti 1935 katika ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles aliwapata vijana waliomshangilia kwa ajili ya mipangilio mikali ya Fletcher Henderson, hakusafiri bila ya Helen Ward, mwimbaji wake, ambaye sauti yake iliwapendeza hata wale ambao tarumbeta ziliwatisha.

Katika bendi za weusi, hususan zile zilizokwisha kuijua swingi kabla ya kupewa jina hilo na magazeti, mwimbaji mara nyingine alitumiwa kwa namna ya juu zaidi. Tarehe 2 Februari 1932 Duke Ellington alirekodi "It Don't Mean a Thing" pamoja na Ivie Anderson, aliyekuwa amejiunga naye mwaka uliotangulia. Na katika santuri hiyo sauti ya mwanamke huyo na ala za shaba zinajibizana kwa usawa, hata msikilizaji hawezi kusema ni nani anayemfuata mwenziwe. Jimmy Rushing naye, kwa Count Basie, aliimba bluzi kwa sauti iliyopaa juu ya bendi nzima pasipo jitihada, na wapigaji walimjibu kati ya mistari kwa desturi ya muda mrefu ya watu wao.

Mfano mashuhuri kupita yote ni ule wa Ella Fitzgerald. Msichana huyu, mzaliwa wa mwaka 1917, alishinda shindano la wanagenzi katika Apollo Theater ya Harlem mwezi Novemba 1934, na mwaka uliofuata akachukuliwa na Chick Webb, mpiga ngoma mwenye kimo kifupi na mgongo uliopinda kwa maradhi, ambaye bendi yake ilikuwa sultani wa Savoy Ballroom. Tarehe 2 Mei 1938 walirekodi kwa kampuni ya Decca wimbo uliotoholewa kutoka katika mchezo wa watoto, "A-Tisket, A-Tasket", na santuri hiyo ikaenea Marekani nzima. Kuanzia hapo watu walikwenda Savoy kumtazama Ella kama walivyokwenda kumsikiliza Webb. Na Webb alipofariki mwezi Juni 1939, bendi ilipewa jina la mwimbaji wake, aliyekuwa na umri wa miaka 22, ikaendelea hivyo hata mwaka 1942. Ni nadra katika zama zile mwimbaji kurithi bendi, na nadra zaidi mwanamke.

Hata hivyo, kipaji kilikuwa chini ya mkataba. Mwezi Novemba 1936 Goodman alimwazima Ella kwa ajili ya kurekodi nyimbo chache za Victor. Decca, iliyokuwa na haki juu ya sauti ya Ella, ikalalamika, na Victor ikalazimika kuziondoa santuri hizo sokoni. Madhara makubwa zaidi yalimpata mwimbaji Billie Holiday. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja, tangu Machi 1937, aliimba na Count Basie, bendi iliyoafikiana naye kuliko nyingine yoyote. Lakini Basie alikuwa amefungwa na Decca kwa mkataba wa pande 24 za santuri kwa jumla ya dola 750 bila ya mrabaha, ilhali Billie alikuwa mali ya kampuni nyingine. Kwa sababu hiyo hawakuingia pamoja katika chumba cha kurekodia hata mara moja, na yote yaliyosalia ya ushirika ule ni nyimbo 3 zilizonaswa kutoka katika matangazo ya redio. Atakayeuliza kwa nini maktaba za dunia zimejaa santuri za waimbaji wa wastani, na za Billie na Basie hazipatikani, ajue kwamba lililoamua ni sahihi za mawakili.

Fauka ya mkataba palikuwa na rangi. Mwaka 1938 Billie alijiunga na Artie Shaw, kiongozi mweupe, akawa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kuajiriwa na okestra ya weupe na kusafiri nayo hata katika majimbo ya kusini. Tarehe 24 Julai mwaka huo walirekodi "Any Old Time", wimbo wa Shaw mwenyewe, nayo ndiyo santuri pekee waliyoifanya pamoja. Katika hoteli moja ya New York, bendi ilipokuwa ikipiga kila usiku, Billie aliagizwa apande kwa lifti ya mizigo ili wageni wasimwone. Haukupita muda mrefu akaacha kazi, na hakuimba tena na bendi ya weupe kwa mshahara wa kudumu. Nafasi yake ilijazwa na Helen Forrest, ambaye baadaye alimwimbia Goodman, kisha Harry James, na katika bendi hiyo ya tatu ndipo alipojengewa mipangilio iliyomzunguka yeye badala ya kumwazima dakika.

Kufikia mwaka 1940 mizani ilikuwa imeanza kuinama. Jimmy Dorsey aliwapa waimbaji wake wawili santuri nzima kwa zamu: Bob Eberly akianza polepole kwa mahaba, bendi ikiharakisha mwendo, kisha Helen O'Connell akiuchukua wimbo uleule kwa furaha, na kwa kanuni hiyo "Green Eyes" na "Amapola" zikavuma mwaka 1941. Mdogo wake Jimmy, Tommy Dorsey, alikuwa amempata Frank Sinatra kutoka kwa Harry James mwezi Januari 1940. Kijana huyu alimtazama Dorsey akipuliza tromboni yake kwa pumzi ndefu isiyosikika inapokatwa, akajifunza kuunganisha mistari ya wimbo kwa namna ileile, hata maneno yakafika kwa msikilizaji kama hotuba iliyokamilika. Tarehe 23 Mei 1940, pamoja na kikundi cha Pied Pipers, alirekodi "I'll Never Smile Again", na humo uimbaji unaanza karibu na mwanzo wa santuri, bendi ikabaki kunong'ona nyuma. Jarida la Billboard lilipochapisha mwezi Julai orodha yake ya kwanza ya santuri zilizouzwa zaidi, wimbo huo ndio uliokuwa kileleni.

Pigo la mwisho halikutoka kwa waimbaji. Tarehe 1 Agosti 1942 James Petrillo, rais wa chama cha wanamuziki, aliwaamuru wanachama wake wasirekodi tena mpaka kampuni za santuri zikubali kulipa fedha kwa ajili ya wapigaji waliopoteza riziki kwa sababu ya santuri zenyewe kupigwa redioni na katika mashine za mikahawa. Madai yalikuwa ya haki, lakini matokeo yake yalikuwa kinyume cha matumaini; kwani waimbaji hawakuwa wanachama wa chama hicho, na kampuni ziliwarekodi peke yao, zikiwasindikiza kwa makundi ya sauti za watu mahali pa ala. Decca ilipatana na chama mwezi Septemba 1943, na Victor na Columbia zikashikilia mpaka Novemba 1944. Na katika miezi hiyo masikio ya Marekani yalizoea kumsikia mwimbaji bila ya bendi. Vita vya Pili vya Dunia navyo viliwachukua wapigaji jeshini, vikabana petroli na matairi ya mabasi ya safari, vikapunguza lakiri iliyotoka India.

Katikati ya ukame huo ikatukia hadithi ya santuri moja ambayo ndani yake yote haya yamekusanyika. Tarehe 31 Agosti 1939 Harry James alikuwa amerekodi "All or Nothing at All", kiitikio kikiimbwa na Sinatra ambaye hakuna aliyemjua, na wanunuzi hawakuijali. Mwaka 1943 Columbia, iliyokuwa na njaa ya muziki, iliutoa upya muziki uleule bila ya kugeuza hata noti moja. Ila safari hii jina la Sinatra likaandikwa juu kwa herufi kubwa na jina la James likashushwa chini yake, na santuri ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Mwezi Desemba 1946, katika muda wa wiki chache, bendi nane mashuhuri zilitangaza kuvunjika, zikiwamo za Goodman, James na Tommy Dorsey, ilhali waimbaji wao wa zamani walikuwa wakipokea mishahara ambayo hakuna kiongozi wa bendi aliyeweza kuilipa.

Wako wanaosema kwamba waimbaji waliiua swingi. Ushahidi tuliokwisha kuupitia hauwatii hatiani. Bendi ziliuawa na gharama, vita na mgomo, na mwimbaji alikuwa tu ndiye aliyesalia hai uwanjani. Fauka ya hayo, ustadi wake wote aliupata humo: Sinatra pumzi, Ella mapigo, Forrest subira ya kungoja zamu na kuitimiza kwa dakika moja. Basi atakayebahatika kuzisikia santuri hizi asiruke ala ili aifikie sauti anayoijua, wala asiondoke sauti hiyo inaponyamaza. Dakika 3 zile zilipangwa kuwa kitu kimoja, na anayesikiliza theluthi moja ya kazi hana haki ya kuihukumu.